Gari la Babu Halikuvunjwa na Mtu

Wasomaji wangu, niwieni radhi kwa kimya cha wiki tatu. Nilikuwa nyumbani Kisii. Leo tuache programu kidogo (ingawa mtaona tutarudi huko huko) niwasimulie kesi moja ya zamani.

Kabla ya uhuru, babu yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Mzungu alipohama mwaka 1963, alimwachia babu gari dogo la kuchezea la mwanawe aliyekwisha kuwa mtu mzima. Lilikuwa zito, urefu wa kidole, limetengenezwa Uingereza. Hatukuruhusiwa kuligusa. Lilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Mwaka 2006 sanduku lilifunguliwa, gari likakutwa vipande vitatu. Mdogo wangu, miaka sita, alikuwa ameonekana karibu na sanduku. Baba alimchapa. Akakana, akachapwa tena kwa kusema uongo. Tangu hapo ukawa mzaha wa nyumbani: usimpe huyo simu, ataifanya kama gari la babu. Hucheka na sisi, lakini mimi namjua.

Safari hii nilivipeleka vile vipande Daraja Mbili, kwa fundi wa kuchomelea. Alikwangua ukingo kwa ukucha, ukamomonyoka kama udongo mkavu.

"Kijana, hiki si chuma. Nikikitia moto kitayeyuka chote. Na tazama, nyufa ziko hata pale pasipovunjika. Kimeoza kutoka ndani."

Metali kuoza? Nilirudi nyumbani nikawasha tarakilishi.

Kumbe ni ugonjwa unaojulikana. Magari haya ni ya zinki iliyochanganywa na alumini, kama asilimia 4 hivi. Kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa mchanganyiko wa Zamak mwaka 1929, na sharti lake kubwa ni zinki iwe safi kabisa. Viwango vya leo huruhusu risasi (ile metali, si ya bunduki) isiyozidi gramu 5 katika kilo 100. Ni kama kijiko cha chai cha chumvi katika gunia la mahindi!

Ikizidi, hujikusanya kwenye mipaka ya punje za metali. Joto na unyevu hupenya humo, kutu huzaliwa ndani na kutafuta nafasi. Metali huvimba, hupinda, hupasuka. Huweza kuchukua miaka mingi. Haiambukizi, wala haina dawa. Utaichelewesha tu kwa kuweka kitu mahali pakavu. Wakusanyaji wa Ulaya wanaijua vizuri, hasa kwenye magari ya Dinky Toys na treni za Hornby, zote za Meccano ya Liverpool, za kabla ya Vita Vikuu vya Pili.

Sasa turudi kwetu. Sisi waandishi wa programu tuna dhambi moja: mfumo ukianguka, tunamsaka aliyeugusa mwisho. Kumbe kosa liliandikwa miaka kumi nyuma na mtu aliyekwisha kuacha kazi, likakaa likingoja. Gari la babu lilibeba kosa lake tangu siku lilipomiminwa, kabla hata baba hajazaliwa. Mvua za Kisii zilimalizia tu. Hata kama mdogo wangu alilishika, lilikuwa limekwisha.

Jioni nilimweleza baba. Alichukua kipande kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba, kikavunjika. Alinyamaza sana. Kisha akaomba simu yangu, akampigia mdogo wangu aliye Nairobi, akatoka nje kuzungumzia kwenye migomba. Aliporudi alisema neno moja tu: vipande hivyo visitupwe.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Na kama kwenu kuna kigari cha zamani kilichopasuka, kikague vizuri kabla ya kumkagua mtoto.