Acha Amalize Mwenyewe

Mimi niliiaga shule hii mwaka 2014 baada ya kuufanya mtihani wa KCSE, nikaliacha jina langu limechongwa kwenye dawati moja la nyuma. Walimu wangu, naomba radhi, ulikuwa utoto.

Mhariri wa jarida ameniomba niwaeleze jinsi mtu anavyoomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ng'ambo. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Lakini fomu hizo zilinifunza jambo ambalo sikulitarajia, tena kuhusu nyumba yetu wenyewe. Nikiwaeleza fomu tu nitakuwa nimewapa ganda nikala kokwa peke yangu.

Fani ninayoitaka inaitwa tiba ya usemi na lugha. Mkisikia hivyo msidhani ni kufunza watu Kizungu cha puani! Wataalamu wake humsaidia mtoto aliyechelewa kusema, mwenye usonji, na aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka. Humsaidia mzee aliyepigwa na kiharusi akapoteza maneno, au asiyeweza kumeza uji bila kupaliwa. Humsaidia hata mwalimu ambaye sauti imemkauka kwa kupigia darasa kelele miaka nenda miaka rudi. Tena humsaidia mwenye kigugumizi, na hapo ndipo nilipoingilia mimi, kwa sababu ndugu yangu mdogo ana kigugumizi.

Hapa kwetu wataalamu hawa ni wachache mno. Jirani zetu Waganda walianza kutoa shahada ya kwanza ya fani hii katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008, na Afrika Kusini mtu huisomea kwa miaka minne moja kwa moja. Lakini mimi nilikuwa tayari na shahada ya Kiswahili na isimu, nami sikutaka kuanza upya. Nikaelekeza macho Marekani. Kule huwezi kuifanya kazi hii kikamilifu bila shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili, na vyuo vingi humpokea mtu aliyetoka fani nyingine mradi azibe mapengo yake.

Mapengo yenyewe? Ee, msiulize! Chama cha wataalamu wa Marekani, kiitwacho ASHA, kilichoanzishwa mwaka 1925, kinataka mwombaji cheti awe amesoma biolojia, fizikia au kemia, takwimu, na somo la tabia na jamii kama vile saikolojia. Mimi niliyeikimbia fizikia katika Kidato cha Pili kama anayekimbia siafu, nilirudi kuisoma nikiwa mtu mzima, usiku, kwa simu, baada ya kazi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Na hayo ni ya mlangoni tu. Ukishaingia, lazima utimize saa 400 za mazoezi na wagonjwa: 25 za kutazama na 375 za kuhudumu mwenyewe chini ya uangalizi. Kisha kuna mtihani wa taifa uitwao Praxis, na baadaye kazi ya majaribio isiyopungua wiki 36. Mtu akikuambia kuwa masomo ya ng'ambo ni matembezi, mwambie asikutanie.

Katika kuomba nafasi utahitaji nakala za matokeo yako, zikadiriwe na shirika linalotambuliwa na chuo. Utahitaji mtihani wa Kiingereza kama vile TOEFL, na mara nyingi barua tatu za mapendekezo kutoka kwa watu wanaokujua kweli, si mjomba mwenye cheo. Kila chuo kina ada yake, tena kwa dola, na fedha hizo hazirudi hata ukikataliwa. Ukishakubaliwa, lazima uonyeshe kwa maandishi kwamba una pesa za mwaka wa kwanza kabla ya kupewa viza. Anzeni mapema. Mimi nilichukua karibu miaka miwili, kuanzia mwaka 2023.

Lakini wanachama wenzangu, sikilizeni kisa hiki. Somo lililoniokoa lilikuwa fonetiki, na fonetiki niliianzia papa hapa, katika Kiswahili! Mnakumbuka mwalimu akitusimamisha tushike midomo tuseme /p/ na /b/, kisha meno ya juu na mdomo wa chini tuseme /f/ na /v/? Tulicheka tukadhani ni mchezo. Kumbe ndiyo ramani ya kinywa ambayo tabibu wa usemi huitumia kila siku.

Na kuna jambo jingine nililolisoma ambalo laiti ningalilijua nikiwa hapa. Tulikuwa na mwenzetu aliyebadilisha /r/ na /l/ kwa sababu ya lugha ya mama, nasi tukimwigiza bwenini mpaka akawa hataki kusoma kwa sauti. Wataalamu hutenganisha mambo mawili: tofauti na kasoro. Kusema Kiswahili kwa lafudhi ya kwenu ni tofauti. Si ugonjwa na hakuhitaji tabibu. Kilichohitaji tiba siku zile ni vicheko vyetu.

Sasa nije kwenye kiini. Vyuo vyote nilivyoomba vilitaka insha ya kujieleza: kwa nini unataka kazi hii? Nikasema, hapa ndipo penyewe, mimi si mtoto wa Chama cha Kiswahili? Insha ni chakula changu! Niliiandika kwa usiku mmoja, Novemba 2024.

Niliandika kuhusu ndugu yangu. Tangu utotoni nilikuwa msemaji wake. Mgeni akimwuliza jina, nalitaja mimi. Mwalimu akimwuliza swali njiani, najibu mimi. Akianza neno likakwama, mimi nalimaliza kabla halijamwaibisha. Kanisani watu walinisifu wakisema kuwa mimi ni kama Haruni, aliyemsemea Musa nduguye mzito wa kinywa. Basi insha yangu ikaanzia hapo hapo: kwamba nilikuwa sauti ya ndugu yangu na sasa nataka kuwa sauti ya wengi. Niliisoma mara tatu, na mara zote tatu nikatokwa na machozi. Niliona hao wazungu hawana jinsi, lazima wanipe nafasi.

Desemba ndugu yangu akaja nyumbani. Yeye ni fundi wa pikipiki, kijana mrefu mwenye mikono ya mafuta na maneno machache. Nikampa insha aisome. Kusema kweli nilitaka anisifu. Aliisoma polepole chini ya taa, akairudisha mezani, akanyamaza.

"Eeh, waonaje?" nikauliza.

Akaanza kunijibu. Sitaandika jinsi alivyokwama, maana hayo mmeyasikia kwa wengine na wengi huyacheka. Nitaandika alichosema. Lakini kabla ya kusema aliniinulia kiganja, hivi, kama askari wa barabarani, kwa sababu tayari nilikuwa nimefungua kinywa nimsaidie.

"Dada, hukuwa sauti yangu," akasema. "Mimi nina sauti. Wewe ulikuwa hungoji."

Moyo ulinipasuka, paa! Nikataka kujitetea, kwamba nilifanya kwa mapenzi. Kiganja bado kilikuwa juu.

Akaendelea. Aliniuliza kama nakumbuka siku aliyotumwa dukani kununua kiberiti akarudi na mshumaa, mama akamgombeza kwa usahaulifu. Nikasema nakumbuka, nyumba nzima tulimcheka. Akasema hakusahau. Alisimama mbele ya mwenye duka, na neno lile likagoma kutoka. Nyuma yake watu walikuwa wamepanga foleni, naye akanunua kilichoweza kutamkika. Alifanya hivyo miaka mingi. Alikula asichokitaka, akapanda matatu za kumshusha mbali na kwao, alimradi asitaje jina la kituo. "Nilikuwa najua hata nikianza, utanimalizia," akasema. "Basi nikaacha kuanza."

Kisha akatabasamu kidogo. "Na tena, Dada, Mungu alimwita Musa. Haruni alikuja baadaye."

Wasomaji, sikulala usiku ule. Hasira ilinijia kwanza, nikajiambia shukrani ya punda ni mateke. Lakini kulipokaribia kupambazuka nilikumbuka nilichokuwa nimekisoma mimi mwenyewe katika masomo yale ya usiku: kwamba kigugumizi hakiletwi na woga wala upungufu wa akili, bali kinahusiana na urithi na jinsi ubongo unavyoendesha usemi, kwamba kama mtu mzima mmoja katika kila 100 anacho, na kwamba mzigo mkubwa mara nyingi ni kule kujificha kuliko kukwama kwenyewe. Nilikuwa nimeyasoma ili nipite mtihani. Sikuwahi kuyaleta nyumbani.

Nilimkumbuka pia Charles Van Riper, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1905. Alikuwa na kigugumizi kikali, hata katika ujana wake aliwahi kufanya kazi shambani akijifanya kiziwi na bubu ili asilazimike kusema. Mtu huyo ndiye aliyefungua kliniki ya usemi huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, mwaka 1936, akawa miongoni mwa waasisi wa fani hii. Aliwafunza wagonjwa wake wasikwepe maneno, wakwame bila kupigana na neno, kisha waendelee. Kumbe fani niliyotaka kuingia kwa kiburi cha msemaji, ilijengwa na watu ambao wengine walikuwa wakiwamalizia sentensi!

Asubuhi nilimkuta ndugu yangu nje akifungua injini ya pikipiki. Nikamwomba msamaha. Akaanza kunijibu, na neno la kwanza likakwama. Nikaziba mdomo. Wajua, kungoja ni kazi! Nilihesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne. Ulimi uliniwasha kama niliyelamba pilipili. Hatimaye likatoka. Alisema, "Nimekusamehe, nipe spana namba kumi."

Niliichana insha ile nikaandika nyingine. Sikuandika kwamba mimi ni Haruni. Niliandika kwamba kwa miaka karibu ishirini nilimnyang'anya mtu maneno kinywani nikiita jambo hilo upendo, na kwamba nataka kusomeshwa na watu wanaojua kungoja. Rafiki yangu mmoja aliisoma akashika kichwa: "Sasa wewe! Mbona unajichongea? Watakukataa!"

Na kweli, sitawaficha. Nilituma maombi kwa vyuo vitatu. Machi 2025 cha kwanza kilinikataa kwa barua ya mistari minne. Cha pili kiliniweka kwenye orodha ya wanaongoja, kisha nafasi zikajaa. Cha tatu kilinikubali, tena mmoja wa waliosoma insha aliitaja katika barua yake. Nyumbani tulipiga vigelegele! Lakini hakukuwa na ufadhili, nasi tulipojumlisha akiba yangu, shamba la mahindi na michango ya ukoo, hatukufika hata nusu. Aprili niliandika kukishukuru chuo nikakiambia siji. Nililia, msidhani sikulia.

Sasa ninafanya kazi kama msaidizi katika kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum, na ninaomba tena, safari hii kwenye vyuo vinavyotoa kazi za usaidizi kwa wanafunzi. Mvumilivu hula mbivu, nami nimepata zoezi la kutosha la kungoja. Insha sijaibadilisha hata nukta. Ndugu yangu amesoma pia haya mnayoyasoma, akaniruhusu, akasema ila nisimtaje jina maana wateja watamtania.

Ninyi mlio shuleni hamhitaji viza kuanza kazi hii. Mwenzako akikwama, mtazame usoni kwa utulivu, ungoje. Usimwambie "pole pole" wala "vuta pumzi", na usimalizie neno hata kama unalijua. Walimu wangu wapendwa, mkiona mwanafunzi hasomi kwa sauti, msiharakishe kumwita mvivu. Jaribuni asome pamoja na mwenzake kwa wakati mmoja, kwani wengi wenye kigugumizi husoma bila kukwama wakisoma kwa pamoja. Lakini kwanza mwulizeni faraghani anapenda asaidiweje. Na katika mijadala ya Chama chetu, yule mwenye saa na kengele ampe mwenye kigugumizi dakika zake zote na za ziada.

Juzi ndugu yangu alinipigia simu. Zamani hakupiga simu kabisa, alituma ujumbe tu. Alisema "haloo", kisha kimya kirefu. Nilikaa kwenye kiti, nikaegemea, nikangoja. Alikuwa anataka kunisalimu tu.

Kwaherini ya kuonana.

Mwanachama wa zamani, Chama cha Kiswahili