Mti Tuliotaka Kuukata

Shuleni kwetu Makongolosi, katika wilaya ya Chunya, pana mti uitwao mvungunya. Wengine huuita mwegea. Ndugu wasomaji, mti huo tulikusudia kuukata. Tunda lake hufanana na mchi mnene, na moja huweza kupita kilo 5. Mwaka juzi tunda moja lilianguka hatua chache tu kutoka mahali walipoketi watoto. Tena wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakitafuta magogo, na fedha yake ingetufaa.

Mzee mmoja, jirani yetu, alipopata habari akatuambia, "Walimu, mti huu mmeuona mchana tu. Utazameni usiku kwanza, ndipo mkate."

Basi, mwishoni mwa kiangazi tukaketi karibu nao. Maua ya mvungunya hayasimami juu ya matawi; huning'inia hewani kwenye vikonyo virefu kama kamba, kila ua mfano wa kikombe, wekundu wake umekolea hata kukaribia weusi. Jua lilipokuchwa yakafunguka, yakatoa harufu isiyopendeza. Punde popo wakaja. Popo hulishika ua, akatia kichwa ndani anywe maji yake matamu, akatoka na unga wa ua usoni, akaruka kwenda ua jingine. Hapo tukafahamu faida ya zile kamba: ua limeshushwa mbali na majani, ili mgeni mwenye mabawa apate njia. Unga usipochukuliwa, tunda halipatikani. Kulipopambazuka maua mengi yalikuwa chini, na mbuzi wakiyala.

Tuliona haya. Maana ni sisi tuliowaamuru wavulana wawapige popo mawe, kwa kuwa walikula maembe yetu. Ubaoni tulifundisha habari za maua, na huku nje tuliwaua watumishi wake.

Mti haukukatwa. Tulihamisha viti vya watoto, na kila msimu wa matunda twazungushia wigo chini yake. Tena twawaonya wasile tunda bichi, kwani lina sumu. Mawe yamekoma. Maembe bado yaliwa, nasi twanung'unika kidogo, lakini twavumilia.

Nawe msomaji, ukiwa na mti uliokuchosha, usinoe shoka upesi. Uketie usiku mmoja, uone ni nani autegemeaye.