Kaye ya Koko wa Kinanda



Mwezi uliopita tulimzika jirani yetu wa Kadutu, hapa Bukavu, ambaye watoto wote walimwita Koko wa Kinanda. Sikuzaliwa nyumbani mwake, lakini vidole vyangu vilisomea humo.

Piano alijifunza kwa masista akiwa msichana. Nyumbani alikuwa na kinanda cha kukanyaga: miguu inasukuma upepo, mikono inatafuta sauti. Umeme ukikatika, sisi tuliendelea. Somo la kwanza lilikuwa la kuhesabu: dole gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5. Kisha do, re, mi, na ili kufika fa, dole gumba linapita chini ya kidole cha kati. Hapo ndipo wengi tulikwama. Hakutupiga vidole kwa rula. Alisema tu, "Rudia polepole. Haraka itakuja yenyewe."

Alikuwa akilea wajukuu wanne walioachwa na binti yake marehemu. Mdogo alimfunga mgongoni kwa kitenge na kufundisha hivyo hivyo, mtoto akilala kwa mwendo wa miguu yake. Katikati ya somo aliinuka kukoroga maharagi, na kutoka jikoni tukasikia: "Hiyo si fa!" Jioni alikagua kaye za shule za wajukuu, moja moja, kabla ya mtu kulala.

Nilipokuwa na miaka 11, baba alifariki. Mama aliuza sambaza sokoni, na pesa haikupita chakula na shule. Nikaacha kwenda kwa Koko. Jumamosi ya pili alikuja mwenyewe mlangoni, mtoto mgongoni: "Nani amekufukuza?" Nikarudi. Miaka yote niliamini kwamba mama alikuwa akijinyima ili alipe. Sikuuliza, wala Koko sikumshukuru.

Kwenye matanga, mjukuu wake mkubwa alinionyesha kaye ya malipo. Yeye ndiye alikuwa akiiandika, Koko akimtajia. Huyu faranga, huyu mkungu wa ndizi, huyu "bado". Mbele ya jina la mama yangu: "amelipa", "amelipa", miaka mitatu.

Usiku ule nilimuuliza mama. Akalia. Hakuwa ametoa hata faranga moja. Alikuwa akizunguka njia ndefu ya soko ili asikutane na Koko.

Mjukuu anakumbuka alivyobisha siku moja: "Koko, huyu mama hajaleta kitu." Akajibiwa, "Andika amelipa. Mtoto mwenye deni, vidole vyake vinakuwa vizito."

Mimi ni mwalimu. Kila mwisho wa mwezi nilisoma kwa sauti, mbele ya darasa, majina ya watoto ambao hawajalipa. Niliona vichwa vikiinama, nikaendelea kusoma. Tangu matanga nimeacha. Ninamwita mzazi pembeni. Deni lipo, lakini si la mtoto.

Kinanda hakikuuzwa. Yule mdogo wa mgongoni sasa ndiye anayefundisha, na binti yangu amekwama kwenye fa. Nimemlipia mwezi wake, pamoja na wa mtoto mwingine ambaye mama yake hatajua.

Wamama, kama kuna mtu aliyemfundisha mtoto wako bila kudai, usizunguke njia ndefu. Pita mlangoni kwake, umshukuru angali hai. Mimi nilichelewa.