Lugha Iliyopanda Milimani

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi hujenga kibanda kidogo cha makuti na kukitia moto. Huo ndio Mwaka Kogwa, sikukuu ambayo huitwa pia Nairuzi, na jina hilo halikuzaliwa Unguja. Lilivuka bahari pamoja na maneno mengine ya Kiajemi, kama vile bandari na serikali. Wanaume hupigana kwa magomba, chuki za mwaka mzima zikatolewa hapo, na wanawake huimba. Kisha moto huzimika, watu wakaenda kula.

Mbali na hapo, katika milima iliyokatwakatwa na mipaka ya Uturuki, Irani, Iraki na Syria, wako watu ambao nao huwasha moto katika siku yenye jina hilohilo. Wakurdi huiita Newroz, na huiadhimisha tarehe 21 Machi. Katika masimulizi yao, moto huo uliwashwa kwa mara ya kwanza kutangaza ushindi wa Kawa, mhunzi aliyempindua mfalme dhalimu ambaye mabegani mwake waliota nyoka wawili, na nyoka hao walikuwa wakilishwa bongo za vijana. Ni hadithi ya kale, inayosimuliwa na Waajemi pia. Lakini kwa Wakurdi wa Uturuki ina ukali wake mahsusi, na ukali huo una tarehe. Siku ya Newroz ya mwaka 1982, kijana aliyeitwa Mazlum Doğan alikutwa amekufa ndani ya chumba chake katika gereza la kijeshi la Diyarbakır. Wenzake husimulia kwamba aliwasha njiti tatu za kiberiti, kwa vile hakuwa na kuni wala ruhusa ya kuwasha moto mkubwa zaidi, kisha akajiondolea uhai.

Anayeuliza vita vya Wakurdi wa Uturuki vilianza lini, aghalabu hupewa tarehe nyingine: 15 Agosti 1984. Tarehe hiyo ni sahihi kwa wanaohesabu risasi. Hata hivyo, nyuma ya risasi hizo palikuwa na ugomvi wa siku nyingi zaidi, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ilihusu ulimi.

Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwafungulia Wakurdi mlango wa kujitawala. Ule wa Lausanne wa mwaka 1923 ukaufunga bila hata kuwataja kwa jina. Yakafuata maasi: la Sheikh Said mwaka 1925, la mlima Ararat lililozimwa mwaka 1930, na la Dersim mwaka 1937 na 1938, ambalo lilizimwa kwa mauaji yasiyosahaulika. Baada ya hapo dola ikachagua njia ya ajabu kuliko kupigana na watu, nayo ni kusema kwamba watu hao hawapo. Wakaitwa Waturuki wa milimani, na lugha yao ikaambiwa si lugha.

Mwaka 1959 mwandishi Musa Anter alichapisha shairi fupi la Kikurdi katika gazeti la Diyarbakır. Liliitwa Qimil, jina la mdudu anayeharibu ngano shambani. Kwa shairi hilo alishtakiwa. Mwaka 1968 Mehmet Emin Bozarslan alichapisha Mem û Zîn, utenzi wa mapenzi uliotungwa na Ehmedê Xanî mwishoni mwa karne ya 17, pamoja na tafsiri yake kwa Kituruki. Naye akashtakiwa, na kitabu kikakamatwa. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha kufundishia herufi za Kikurdi, kikamletea balaa jingine. Msomaji wa pwani na ajaribu kuwaza mtu wa Lamu akipelekwa mahakamani kwa sababu ameuchapa Utendi wa Mwana Kupona, hakimu akimuuliza alikuwa na nia gani. Kilichoogopwa, bila shaka, hakikuwa mapenzi ya Mem na Zîn. Utenzi wa karne tatu ni ushahidi kwamba wenye lugha walikuwapo.

Walioanzisha chama cha silaha hawakuwa washairi. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa Ankara wa miaka ya 1970, waliolelewa katika maneno ya mrengo wa kushoto ya zama hizo: tabaka, ukoloni, mapinduzi. Aliyewaongoza, Abdullah Öcalan, alizaliwa katika kijiji cha Ömerli huko Urfa na kusoma sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Ankara. Tarehe 27 Novemba 1978 kikundi kidogo kilikutana katika kijiji cha Fis, wilaya ya Lice, kikaunda Chama cha Wafanyakazi wa Kurdistan, kinachojulikana zaidi kwa herufi tatu za PKK. Miongoni mwa waasisi wa kundi hilo walikuwamo Waturuki, Kemal Pir na Haki Karer, na huyu wa pili alikuwa amekwisha kuuawa Antep mwaka 1977. Jambo moja katika mwanzo huo huumiza kidogo mtu anayependa lugha: nyaraka za kwanza za chama ziliandikwa kwa Kituruki, na kiongozi wake mwenyewe alifikiri na kuhutubia kwa Kituruki. Shule ilikuwa imefanya kazi yake. Wale waliotaka kulikomboa taifa walilazimika kutumia maneno ya yule waliyesema anawatawala, kwa kuwa hayo ndiyo waliyofundishwa kuandika.

Shabaha zao za awali hazikuwa kambi za jeshi. Mwaka 1979 walimshambulia Mehmet Celal Bucak, mbunge na mwenye ardhi kubwa upande wa Siverek, ambaye ni Mkurdi, akanusurika. Katika vijiji vingi maskini walimjua bwana shamba kabla ya kumjua waziri, na chama kilielewa hivyo. Mwaka huohuo Öcalan alivuka mpaka akaingia Syria. Alikuwa na bahati, au alinusa hatari mapema, maana tarehe 12 Septemba 1980 majenerali chini ya Kenan Evren walitwaa madaraka, na maelfu kwa maelfu ya watu wakatiwa ndani.

Hapo ndipo linapoingia tena gereza la Diyarbakır, na hapo ndipo panapostahili kukaliwa. Vipigo, maji machafu, mbwa, nyimbo za jeshi zilizolazimishwa kuimbwa kutwa: hayo yameelezwa na waliotoka hai. Lakini katika kumbukumbu nyingi, jambo linalorudiwa kwa uchungu wa pekee ni siku za kuonana na jamaa. Kikurdi kilipigwa marufuku gerezani. Ukutani paliandikwa amri ya kusema Kituruki. Mama aliyetoka kijijini, aliyesafiri mchana na usiku na asiyejua neno moja la Kituruki, alifika mbele ya mwanawe akasimama kimya. Akitamka neno kwa lugha aliyomlelea, mwana ndiye atakayepigwa baada ya mama kuondoka. Basi walitazamana. Dakika zikaisha, askari akaita wengine.

Mtu anaweza kusoma ilani zote za chama hicho, na nyingi ni nzito na kavu, asielewe kwa nini vijana walikifuata. Akiwaza dakika chache hizo za kutazamana, huenda akaelewa. Miezi miwili baada ya kifo cha Mazlum Doğan, wafungwa wanne walijichoma moto pamoja, usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei 1982. Tarehe 14 Julai wengine walianza mgomo wa kula wa kufa na kupona. Wanne walifariki mwezi wa Septemba, na mmoja wao alikuwa Kemal Pir, Mturuki aliyekufa kwa ajili ya watu ambao dola yake ilisema hawapo.

Nje ya gereza, amri ile ya ukutani ilifanywa sheria ya nchi. Sheria namba 2932 ya Oktoba 1983 imeandikwa kwa ustadi unaotisha. Haikulitaja jina la Kikurdi hata mara moja. Ilikataza kueleza au kusambaza mawazo kwa lugha yoyote isiyokuwa lugha rasmi ya kwanza ya nchi inayotambuliwa na Uturuki. Neno hilo la kwanza ndilo lililobeba mzigo wote, kwa sababu Kikurdi kilikuwa na hadhi rasmi nchini Iraki, ila baada ya Kiarabu. Aidha, sheria ilitamka kwamba lugha ya mama ya raia wa Uturuki ni Kituruki. Mamlaka iliyomnyamazisha mama gerezani sasa ilimwambia kwamba hakuwahi kusema vingine.

Wakati huo waliovuka mpaka walikuwa katika bonde la Bekaa nchini Lebanon, wakijifunza silaha kwa hisani ya makundi ya Kipalestina na kwa kufumbiwa macho na Syria. Jeshi la Israeli lilipoivamia Lebanon mwaka 1982, baadhi yao waliuawa huko, wakafa katika vita vya wengine kabla ya kuanza vyao. Mwaka uliofuata chama cha Barzani kiliwaruhusu kuweka kambi kaskazini mwa Iraki, na kutoka huko wakaanza kupenya mpakani.

Jumatano, tarehe 15 Agosti 1984, usiku, makundi mawili yaliingia katika miji midogo miwili iliyo mbali sana baina yao: Eruh, mkoa wa Siirt, na Şemdinli, kwenye pembe ya mwisho ya Hakkari. Kundi la Eruh liliongozwa na Mahsum Korkmaz, aliyejiita Agit. Walivamia kituo cha jandarma, askari mmoja akauawa na wengine wakajeruhiwa. Kisha wakatumia kipaza sauti cha msikiti kuwatangazia watu kwamba jeshi la ukombozi wa Kurdistan limezaliwa. Si vigumu kuwaza walivyokaa watu majumbani usiku ule, taa zimezimwa, wakiisikia sauti ngeni ikitoka mahali walipozoea kusikia adhana. Baadhi walifurahi. Wengine, na hawa lazima walikuwa wengi, walijua kwamba asubuhi watakuja watu kuuliza.

Serikali iliwaita majambazi, ikaahidi kuwamaliza haraka. Mwaka 1985 iliunda walinzi wa vijiji, yaani wanakijiji waliopewa bunduki na mshahara ili wapigane na chama hicho. Tangu hapo mwanakijiji hakuwa na pa kusimama: akiikataa bunduki ya serikali alionekana mwasi, akiipokea alionekana msaliti. Mwezi wa Juni 1987, katika kijiji cha Pınarcık, wapiganaji wa PKK waliua watu wapatao 30, wengi wao wanawake na watoto, Wakurdi wote. Hakuna utenzi unaoweza kulipamba jambo hilo, na anayelipamba hastahili kusikilizwa. Wala chama kilichosema kinapigania sauti ya watu hakikuvumilia sauti ndani yake. Mzee Cegerxwîn, mshairi mkubwa wa Kikurdi wa zama zake, alifariki uhamishoni Stockholm mnamo Oktoba 1984, wiki chache baada ya Eruh. Mwaka mmoja baadaye, katika mji huohuo, Çetin Güngör, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama kisha akakikosoa, alipigwa risasi na mwenzake wa zamani akafa. Mahsum Korkmaz mwenyewe aliuawa mwaka 1986. Musa Anter, yule wa shairi la mdudu wa ngano, aliuawa kwa risasi Diyarbakır tarehe 20 Septemba 1992, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Miaka hiyo jeshi lilikuwa likivichoma na kuvihamisha vijiji kwa maelfu. Waliokufa kwa jumla katika vita hivyo huhesabiwa kuwa zaidi ya 40,000.

Sheria namba 2932 ilifutwa mwaka 1991. Wapo wasemao kwamba bila Eruh isingefutwa, na wapo wasemao kwamba Eruh iliichelewesha. Wote wawili huzungumza kana kwamba wamepata kuishi katika ile historia nyingine ambayo haikutokea. Linaloonekana wazi ni dogo kuliko hayo: walioifunga lugha ile walidhani wanafunga mlango, ilhali walikuwa wakiwaandikisha wapiganaji.

Ukanda huu wa Afrika nao uliguswa, kwa siku kumi na tatu. Mwezi wa Februari 1999 Öcalan, aliyefukuzwa Syria na kukataliwa kila mahali, alifichwa Nairobi katika makazi ya balozi wa Ugiriki. Tarehe 15 alitolewa humo akaambiwa anapelekwa uwanja wa ndege. Akajikuta mikononi mwa Waturuki. Alihukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa mwaka 2002 kuwa kifungo cha maisha, na gereza lake likawa kisiwa cha İmralı katika bahari ya Marmara. Kutoka kisiwani humo, tarehe 27 Februari 2025, ulisomwa mbele ya umma wito wake wa kukitaka chama kiweke silaha chini na kujivunja. Mwezi wa Mei chama kikatangaza kuvunjika.

Tarehe 11 Julai 2025 wapiganaji wapatao 30, wanawake kwa wanaume, waliteremka mlimani karibu na Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraki. Walipanga foleni, kila mmoja akaweka bunduki yake ndani ya chungu kikubwa, kisha chungu kikatiwa moto. Mahali walipopachagua ni kwenye pango la Jasana. Mwaka 1923, Sheikh Mahmud Barzanji alipokuwa amekimbilia milimani kutoka kwa Waingereza, ndani ya pango hilo iliwekwa mashine ya kuchapia, na humo likachapwa gazeti la Kikurdi.