Lita zilizopotea ndani ya faili

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na sababu ni maziwa. Ushirika mmoja wa wakulima upande wa Mlima Kenya ulinipa kazi ya kuunganisha vituo vyake vya kukusanya maziwa na mfumo wa malipo. Kazi imekwisha, kwa hiyo sasa naweza kusimulia nilivyojiaibisha.

Mpango ni huu. Karani wa kituo hupima maziwa, huingiza lita kwenye simu, kisha huandika lita zilezile kwenye kadi ya mkulima. Jioni kila kituo hutuma faili moja ya CSV iliyobanwa kwa gzip, maana intaneti huko hununuliwa kwa kupimapima na maandishi ya namna hii hupungua sana yakibanwa. Seva ya ushirika huziunganisha faili zote kuwa moja na kunitumia. Upande wangu kuna hatua nne: kupokea, kubanua, kukagua mistari, na kupeleka kwenye hesabu ya malipo. Hatua ya kubanua niliiandika kwa dakika kumi huku nikinywa chai. Niliiona ndiyo nyepesi kuliko zote.

Nilitumia Python. Kwa kuwa data hufika vipande vipande, sikutaka kungoja faili nzima itue kwenye diski, hivyo nikachukua zlib.decompressobj na kuipa namba 31: yaani 15 ya ukubwa wa dirisha, na 16 ya kuiambia itegemee faili ya gzip. Nikaijaribu kwa faili niliyopewa ya kituo kimoja. Mistari ikatoka yote, safi kabisa. Tukawasha mfumo.

Siku ya tisa katibu akanipigia simu. "Fundi, hebu niambie. Watu wa vituo vingine waliacha kukamua?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mama mmoja alikuwa amefika ofisini na kadi yake mkononi, na taarifa iliyotoka kwenye mfumo wangu ilisema hajaleta hata lita moja. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Malipo yalikuwa Ijumaa, na hii ilikuwa Jumatano. Kuna watu pale ambao karo ya watoto na deni la chakula cha ng'ombe hutoka kwenye pesa hiyohiyo.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Kijani kila mahali, usiku tisa mfululizo, hakuna kosa hata moja. Lakini nilipohesabu vituo kwenye hifadhidata nilikuta kimoja tu kati ya 14.

Haraka nikachukua faili ya jana na kuiuliza ukubwa wake kwa gzip -l. Jibu lilikuwa dogo mno, na halikulingana na kile nilichokuwa nimekihifadhi. Hapo nikaanza kuwalaumu watu wa seva ya ushirika moyoni. Nilipojaribu zcat na kuhesabu mistari, vituo vyote 14 vilikuwemo. Data haikuwa imepotea popote. Nilikuwa ninaipokea kila usiku na kuitupa.

Maelezo ya kweli yako kwenye RFC 1952, waraka wa Mei 1996 unaoeleza muundo wa gzip. Faili ya gzip inaruhusiwa kuwa na sehemu kadhaa zilizopangwa moja baada ya nyingine. Kila sehemu huanza na baiti 1f 8b, hufuata data, kisha baiti 8 za mwisho: 4 za CRC-32 na 4 za urefu. Ndiyo maana seva ya ushirika iliweza kuunganisha faili kwa cat bila kubanua chochote, na faili ikabaki halali. Ila decompressobj hubanua sehemu moja tu. Ikifika mwisho wake husimama, na kila kinachofuata hukiweka kwenye unused_data bila kelele. Hilo limeandikwa wazi kwenye maelezo yake. Ni mimi sikuyasoma. CRC ya sehemu ya kwanza ililingana, kwa hiyo programu haikuwa na sababu ya kulalamika. Na kwa kuwa faili zilipangwa kwa alfabeti, kituo kilekile ndicho kilichotangulia kila siku, na wakulima wake hawakuwa na neno.

Kuhusu gzip -l, matoleo ya kabla ya 1.12, lililotoka mwaka 2022, yalisoma urefu kutoka sehemu ya mwisho pekee. Seva yangu ilikuwa na toleo la zamani. Kwa hiyo programu yangu ilikuwa imeona kituo cha kwanza, nami nikajibiwa kuhusu kituo cha mwisho.

Marekebisho ni mistari michache. Sifa ya eof ikiwa kweli, chukua unused_data, tengeneza kibanuzi kipya, endelea. Mwisho wa data, kama kibanuzi kilichoanza kazi hakijafika eof, faili imekatika na isipokelewe. Hili la pili nilitaka kulipuuza, lakini nilipokata baiti 100 mwishoni mwa faili kwa makusudi, zlib ilinipa mistari iliyokuwapo na kunyamaza. Angalieni pia sehemu inayoisha sawasawa na kipande cha mtandao: unused_data huwa tupu, na kibanuzi kipya ambacho hakijapewa kitu kisihesabiwe kuwa faili iliyokatika. Hilo lilinila saa mbili za usiku.

Kisha nikaomba seva ya ushirika initumie kifaili kidogo chenye jina la kila kituo na idadi ya mistari yake. Kijana wa huko akaniuliza ya nini, na gzip ina CRC. Nikamwambia CRC ya sehemu moja haijui kama ina majirani. Idadi zisipolingana sasa, hakuna kinachokwenda kwenye malipo na mimi hupata SMS.

Jambo moja la akili nililokuwa nimefanya ni kuhifadhi faili zote kama zilivyofika. Alhamisi usiku nikazipitisha upya siku zote tisa. Asubuhi katibu hakutaka kusikia habari za eof, alitaka kadi. Tukachukua 20 na kuzilinganisha na mfumo, moja moja, yule mama akiwa wa kwanza. Kadi yake ilisema lita 118, mfumo ukasema 117.5.

"Kijana wangu," akaniambia, "hiyo nusu iko wapi?"

Malipo yalitoka mchana huo. Nusu lita bado ninaitafuta. Karani wa kituo chake anaapa aliandika alichopima, na simu yake imekubali kunionyesha rekodi za siku nne tu.