Nyama, Moto na Moshi

Watu wengi wakisema "nyama choma" hudhani wamemaliza habari yote ya nyama na moto. Lakini Kiswahili kina vitenzi viwili kwa kazi hii, na mwenye kuvichanganya huchanganya sanaa mbili. Kuchoma ni kuipa nyama joto la kaa la moto, karibu, kwa muda usio mrefu. Kubanika ni kuiweka mbali na mwako, juu ya uchaga au kando ya jiko, ili joto na moshi viitunze polepole mpaka ikauke. Mwenye kuchoma huwaza mlo wa leo. Mwenye kubanika huwaza wiki ijayo. Msomaji, nitakupitisha upesi katika sanaa ya kwanza, kisha tukae zaidi katika ya pili, maana ndiyo iliyo karibu kusahauliwa.

Kuchoma hakukosi wapenzi. Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru, karibu na Gilgil utafika Kikopey, mahali ambapo harufu ya mbuzi hukulaki kabla hujaona mlango wa hoteli. Huko sheria ni chache: mbavu au paja, chumvi, makaa, na subira. Nyama hukatwa juu ya ubao, ikaliwa kwa ugali na kachumbari. Mimi ni katika wale waaminio kuwa mbuzi mwema hahitaji zaidi ya chumvi. Amzamishaye katika mchuzi wa chupa ana jambo analolificha. Lakini shuka Mombasa au Lamu, utakuta imani nyingine kabisa. Nyama ya mishkaki hukatwa vipande vidogo, ikalazwa katika tangawizi, kitunguu saumu, ukwaju, pilipili na papai bichi lililopondwa. Papai hilo si pambo. Utomvu wake mweupe una kimeng'enya kiitwacho papeini, nacho hukata nyuzi za nyama hata iliyo ngumu ikalegea. Ila ukiisahau humo usiku kucha, asubuhi utakuta kitu mfano wa uji. Wagikuyu nao wana mutura, utumbo uliojazwa nyama, mafuta na damu, ukachemshwa, kisha ukamaliziwa juu ya makaa. Na Wamaasai wana olpul: wanaume huondoka na ng'ombe kwenda porini, wakakaa siku nyingi wakila nyama iliyochomwa kwa vijiti vilivyosimikwa kando ya moto, pamoja na supu ya magome na mizizi, hasa ya mti wa olkiloriti.

Angalia jambo moja katika hayo yote. Kuchoma ni kazi ya uwanjani, kazi ya kuonekana, na aghalabu ni kazi ya wanaume. Mchomaji husifiwa mbele ya watu. Kubanika kulifanyika ndani ya nyumba, gizani, na aliyekufanya hakusifiwa na mtu.

Nyumba nyingi za zamani huku bara zilikuwa na uchaga juu ya mafiga. Wagikuyu huuita itara. Kuni zilikaushwa hapo, na vitu visivyotakiwa kuliwa na mchwa viliwekwa hapo. Magharibi ya Kenya, kwa Waluhya, kuku aliyekaushwa juu ya moto kisha akatiwa mchuzi ni heshima ya mgeni mpaka leo. Nyanya yangu alikuwa na uchaga kama huo, mweusi kwa masizi yaliyong'aa kama lami. Alipopata nyama nyingi, aliikata vipande virefu vya unene wa kidole gumba, akaitia chumvi, akaitundika. Baada ya siku kadhaa ilikuwa ngumu kama ukanda. Alipotaka kuipika aliiosha kwa maji ya moto, akaichemsha muda mrefu, akaiunga kwa samli. Ladha yake haikufanana na ya nyama mbichi hata kidogo. Ilikuwa na kitu cha mti ndani yake.

Kitu hicho ni nini? Wataalamu wameeleza. Kwanza joto na hewa huondoa maji katika nyama, na vijidudu haviwezi kuzaana pasipo maji. Chumvi huwanyima hata maji yale machache yaliyobaki. Hiyo ndiyo kazi kubwa. Kisha huja moshi. Kuni ikiungua polepole, sehemu ya mti iitwayo lignini huvunjika, ikatoa fenoli, nazo ndizo zenye harufu ile tuijuayo sote. Fenoli hizo, pamoja na asidi na fomaldehaidi iliyomo katika moshi, hushika juu ya nyama, zikazuia vijidudu na kuyachelewesha mafuta yasichache. Lakini moshi haupenyi mbali. Ni vazi la nje tu. Kwa hiyo mtu aliyefukiza nyama yake saa chache ili ipate ladha asidhani ameihifadhi. Itaoza kama nyingine.

Uchaga wetu una ndugu mbali sana. Neno la Kiingereza barbecue latokana na barbacoa, neno la Kihispania lililochukuliwa kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi, nalo lilikuwa jina la uchaga wa miti uwekwao juu ya moto. Huko Marekani ya kusini sanaa hiyo ilikua katika mikono ya watumwa waliotoka Afrika, na ya wana wao, waliokesha kando ya mashimo ya moto ili wengine wale. Leo kila jimbo huko lina dini yake. Mashariki ya Carolina Kaskazini hubanika nguruwe mzima na kumnyunyizia siki na pilipili. Texas ya kati hubanika kidari cha ng'ombe kwa kuni za mwaloni, chumvi na pilipili manga. Na Kansas City hupaka mchuzi mtamu wa nyanya. Watu hubishana juu ya mambo hayo kama sisi tunavyobishana juu ya pilau.

Turudi kwetu, maana sanaa hii ina gharama, nami sitaificha. Gharama moja ni miti. Samaki wadogo wa Ziwa Victoria walikaushwa kwa jua tu, na jua halina bei. Mbuta alipotiwa ziwani katika miaka ya 1950, kisha akaongezeka mno katika miaka ya 1980, mambo yaligeuka. Samaki huyu ni mkubwa, tena ana mafuta mengi; jua halimuwezi. Ikawa lazima abanikwe au akaangwe, na kuni zake zikakatwa katika vilima vya kandokando ya ziwa.

Gharama ya pili ililipwa na nyanya yangu. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, na kila alfajiri alikohoa. Sisi watoto tulidhani hiyo ndiyo sura ya uzee. Haikuwa sura ya uzee; ilikuwa ni moshi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokayo zaidi katika meko ya kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka wa 2020. Nyama yenyewe pia ina lawama: mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilizitia nyama zilizosindikwa, zikiwamo zile za moshi, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Basi mtu akikusifia jiko la kale pasipo kutaja macho ya aliyekaa humo, amesifu nusu.

Siku hizi gesi imeingia, dohani zimejengwa, na uchaga umeteketezwa kama kuni. Sisikitiki kwa hilo. Linalonisikitisha ni kuona ujuzi nao ukitupwa pamoja na masizi, kana kwamba haukuweza kuishi nje ya nyumba ile. Waweza. Toa moshi jikoni, uupeleke uani, na nyama ya namna hii iwe ya siku moja moja, si ya kila siku.

Mimi hutumia pipa la chuma la lita 200. Pipa lililowahi kubeba dawa au sumu halifai kabisa. Na hata lililo jema, washa ndani yake moto mkali kwanza, mpaka rangi yote iungue. Usitumie wavu uliopakwa zinki, kwa sababu mvuke wake una madhara. Toboa matundu chini ya kuingizia hewa, uweke wavu juu, na mfuniko wenye tundu. Makaa yawe machache, yawe upande mmoja, na nyama iwe upande wa pili. Kuni ziwe kavu, vipande viwili vitatu kwa wakati. Huna haja ya kukata mti: matawi yaliyopogolewa ya mwembe, mpera, mchungwa au mbuni yatosha. Msonobari na mtarakwa uziache, kwa kuwa zina utomvu mwingi, na mbao zilizopakwa rangi usizikaribie. Moshi mwema ni mwepesi, karibu usionekane. Ukitoka mzito na mweupe, moto wako umekosa hewa, na nyama itakuwa chungu.

Joto la pipa likae kati ya nyuzi 110 na 120 za sentigredi. Kidari cha kilo 4 chaweza kuchukua saa 10 au zaidi. Nacho kitakujaribu. Joto la ndani ya nyama litapanda vizuri mpaka karibu na nyuzi 70, kisha litasimama, pengine kwa saa nyingi, na wengi hapo huongeza makaa kwa hasira. Usiongeze. Nyama inatoka jasho, na jasho likikauka huipoza, kama vile mtungi wa udongo unavyoyapoza maji yaliyomo. Jasho likiisha, joto litapanda tena lenyewe. Kwenye nyuzi 90 na kitu, ile kolajeni iliyoifanya nyama kuwa ngumu huwa imegeuka jelatini, na kijiti huingia pasipo kusukumwa. Iondoe, uifunike, uiache ipumzike saa moja, kisha uikate kwa kukingama nyuzi zake.

Utaona chini ya ganda jeusi utepe mwekundu, unene wake kama wa shilingi mbili tatu zilizopangwa pamoja. Hewa ya oksidi ya nitrojeni itokayo katika kuni zinazoungua imekutana na rangi ya nyama, ikaizuia isififie. Mgeni mmoja hakosi kuurudisha mnofu sahanini akisema kuwa haujaiva. Mwambie aonje.