Nawe Walishwa Lini?

Mchana nafundisha Kiswahili hapa Gikondo, jijini Kigali. Jioni huwasomesha watoto wa majirani bila malipo. Jumapili hutembelea wagonjwa. Mzee mmoja aliniuliza: “Mwalimu, nawe walishwa lini?”

Ndipo nilipomkumbuka mshairi Cyprien Rugamba. Aliiacha imani ujanani, akairudia mwaka 1982. Yeye na mkewe Daphrose waliwahudumia watoto wa mitaani wa Kigali, lakini sala kwao haikuwa makombo ya siku. Usiku wa kuamkia Aprili 7, 1994, waliupitisha wakiabudu Ekaristi nyumbani. Asubuhi wakauawa, pamoja na sita kati ya watoto wao.

Madaftari ya kusahihisha hayaniishi, ndugu walimu. Hata hivyo, saa kumi na moja alfajiri na yangoje.